Ngamia Aliyefungwa Chuchu na Subaru ya Mpwa Wangu

Wahenga walitwambia kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Walisema kweli kwa mambo ya zama zao, lakini hawakuwahi kuiona Subaru Impreza ya turbo ikipita Ngong Road usiku wa Jumamosi. Chombo hicho chajiuza na chajitembeza kwa wakati mmoja, na kishindo chake hufika kabla yake. Kijana akikisikia hupoteza akili. Mzee akikisikia hulaani, kisha hugeuza shingo kukitazama.

Mpwa wangu ni mmoja wa hao waliopoteza akili. Ni kijana mwenye kazi yake hapa Nairobi, sala hazimpiti, na katika mambo mengine yote ana busara kuliko umri wake. Mwezi wa Rajabu alinijia na habari kwamba amepata gari la mbio, Impreza WRX ya mwaka 2006, rangi ya buluu, magurudumu ya dhahabu. "Ni safi kama yai, mjomba." Bei aliyotajiwa ingetosha kuiezeka upya nyumba ya mamake pale Kuze na kubakisha fedha ya kupaka chokaa. Mwenye kuliuza ni Mwislamu mwenzetu, tena mtu wa pwani. "Nimemwona msikitini," akaniambia, kana kwamba hiyo ndiyo hati ya ukaguzi.

Mimi si fundi. Najua kujaza petroli na kutia hewa kwenye matairi, na hapo elimu yangu inakoma. Lakini nilimwambia kwamba gari kuukuu hununuliwa kama jahazi kuukuu. Kwetu hakuna mtu mwenye akili zake aliyenunua jahazi kwa kutazama rangi na tanga. Alikwenda na fundi wake wa kuunda wakati maji yametoka, chombo kimeegemezwa ufukweni, wakagonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza. Ubao mzima una sauti yake, na ubao ulioliwa na mdudu una sauti yake. Wakautazama mkuku, wakayahesabu mataruma, wakatia ncha ya kisu kwenye kalafati. Na mwenye chombo alisimama papo hapo, alipoulizwa alijibu.

"Basi nani atakugongea mbao za Subaru?" nikamwuliza.

Akasema yuko fundi mmoja Kisumu Ndogo.

Msomaji wa Malindi atalidai jina hilo kuwa lake, maana na wao wana Kisumu Ndogo yao, na hata Korogocho wanalo jina hilo. Ninayoisema mimi ni ile ya Kibera, kijiji kimoja kati ya vijiji vya huko, jirani na Makina, Lindi, Laini Saba na Gatwekera. Watu wetu wa pwani wakilisikia jina la Kibera hufikiri matope na vurugu tu, na husahau kwamba waliotangulia kukaa mahali hapo ni Waislamu, Wanubi, askari wa KAR na aila zao waliotoka Sudan. Palikuwa msitu, na ndiyo maana ya jina lenyewe kwa lugha yao. Walingoja zaidi ya miaka 100 mpaka mwaka 2017 ndipo jamii yao ikapewa hati ya ekari 288. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 inapita papo hapo Kibera, na watu wa Nyanza waliokuja mjini kutafuta kazi wakalileta jina la mji wao.

Gari haliingii katika vichochoro vile. Tulikwenda kwa miguu, mpwa wangu mbele, mimi nyuma nikiinua ncha za kanzu, mpaka kwenye banda la mabati lenye injini 3 zilizofunuliwa juu ya meza, zimepangwa kama samaki waliopasuliwa sokoni. Fundi alitukalisha juu ya viti vya Peugeot iliyokwisha kufa. Ni mtu mfupi, asiye na haraka, na mikono yake imekolea oili hata rangi yake ya asili haijulikani. Injini huletwa kwake kwa mkokoteni kutoka gereji za barabara kubwa, zile zenye vibao vya rangi na makochi ya kungojea. Wenye magari hawajui kwamba moyo wa gari lao umelala Kisumu Ndogo usiku mmoja au miwili.

Mpwa wangu alipotaja aina ya gari, fundi hakuuliza rangi. Aliuliza, "Iko na maneno gani?" Mpwa wangu akajibu kwamba haina neno lolote. Fundi akatabasamu kwa upole, kama daktari aliyeambiwa na mgonjwa kwamba haumwi popote.

Injini ya Subaru, alitueleza, haisimami kama nyingine. Silinda zake 4 zimelala ubavu, 2 huku na 2 huku, na pistoni hurusha ngumi kushoto na kulia kama mabondia. Kwa kulala huko uzito wa gari huwa chini, nalo hushika barabara vizuri kwenye kona, na hilo ndilo lililoipa sifa. Lakini kilicholala kina taabu zake. Gasketi na sili zikichoka, oili huvuja pole pole na kudondokea bomba la ekzosi lenye moto. Ndiyo ile harufu ya kuungua inayomfikia mtu akisimama kwenye taa. Zile za lita 2.5 zisizo na turbo, kuvuja kwa gasketi za silinda hedi ni habari ya zamani hata mafundi hawaijadili tena. Zile za lita 2.5 zenye turbo, ugonjwa wao ni pistoni kupasuka pale zinapokaa ringi, hasa ikiwa mwenyewe ameongeza nguvu ya turbo kwa tamaa bila kuipimia petroli inayoingia.

Hii ya mpwa wangu ilikuwa ya lita 2. Fundi aliisifu kwa ugumu wake, kisha akaongeza kwamba ikikosa oili mara moja tu, beringi za koni rodi huliwa, na injini huanza kugonga kama mtu anayebisha mlango. Mimi niliyekuwa nikisikiliza nilisema moyoni kwamba huyo aliyeko mlangoni ni Ziraili.

Yalikuwapo na mengine. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni, na injini hubaki chuma chakavu. Gia boksi ya gia 5 katika WRX za miaka ile inajulikana kwa kuvunjika meno, maana vijana hukanyaga mafuta mpaka mwisho kisha huachia klachi ghafula ili watazamwe. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka injini, nayo hupata moto mkali. Dereva anayezima gari papo hapo baada ya kulikimbiza huiunguza oili iliyomo ndani yake. Na kwa kuwa gari hilo huvuta kwa magurudumu yote 4, matairi hayana budi kuwa sawa. Tairi moja likiwa kipara na jingine jipya, difu ya katikati huchakaa bure.

Nilimwuliza habari za Mazda RX-8, kwa kuwa rafiki ya mpwa wangu alikuwa akiiwinda moja. Fundi aliinua mikono. Gari hilo, lililotengenezwa baina ya mwaka 2003 na 2012, halina pistoni kabisa. Ndani yake mna chuma cha pembe 3 kinachozunguka, na kila pembe ina kibanzi chembamba cha kuziba hewa isipenye. Vibanzi vikiisha, nguvu imekwisha. Tena hunywa oili kwa makusudi, ndivyo lilivyoundwa, na mnunuzi asiyejua hilo huliendesha mpaka likauka. Dalili yake ni kukataa kuwaka likiwa na moto. Lilipoashwa baridi asubuhi huwa limeshamdanganya mnunuzi.

"Mambo haya umeyajuaje yote?" nikamwuliza.

"Mzee, hizi si siri," akanijibu. "Kila mwenye kuuza anajua. Mwenye kununua ndiye hataki kujua."

Maneno hayo yalinikaa. Tuna desturi ya kulaumu chuma. Twasema Subaru ni gari bovu, Mazda ni gari bovu, na Mjapani ametutupia takataka zake. Mjapani huliuza gari lake kwa sababu kwao hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila miaka 2, kwa gharama kubwa. Kenya nayo hairuhusu gari lililopita miaka 8 kuingia. Kwa hiyo gari la mbio likishushwa Kilindini huwa limekaribia umri ule ule ambao mkanda, sili na turbo huanza kudai haki yao, na likifika kwa mnunuzi wa tatu au wa nne hapa nchini ndipo deni lote huiva. Jambo hilo linajulikana kama kupwa na kujaa. Gari halikuficha kitu.

Tena msomaji asidhani kwamba nayachukia magari ya mbio yaliyotumika. Mwaka 1965 Joginder Singh, kijana wa Kericho, pamoja na nduguye Jaswant, walishinda mashindano ya Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kushindanishwa na wengine kabla yao. Waliozipita njia zile wanajua zilikuwa njia za namna gani: mwaka 1963 na tena mwaka 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Gari kuukuu liliyashinda mapya ya viwanda vikubwa kwa sababu aliyelishika alikuwa fundi, na alilijua ndani na nje. Na hizi Impreza tunazozisema, mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari wa 4 kwa mojawapo, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwayo. Hawa vijana wetu hawakuota tu. Walichosahau ni kwamba nyuma ya kila gari la Safari palikuwa na kundi la mafundi waliolifungua na kulifunga upya kila kituo.

Nirudi kwa muuzaji wetu. Tulipatana akutane nasi Jumamosi baada ya Adhuhuri, kando ya barabara karibu na Makina, na tulimwomba kwa simu asiliwashe gari asubuhi ile ila kwa safari hiyo fupi tu, maana anakaa karibu. Tukasali, tukatoka, tukamkuta amekwisha kufika. Ni mtu mwenye adabu, kofia yake ya vito imekaa sawa, salamu zake ndefu na tamu. Fundi hakusema neno. Aliweka kiganja juu ya boneti na kukiondoa upesi.

"Hii imetembea sana leo," akasema. "Imepashwa."

Muuzaji akasema amepitia mahali. Fundi akafuta mkono kwa tambara na kusema hataligusa gari mpaka lilale. Injini iliyo moto, oili imeenea kila mahali, haigongi, na moshi wake ni mdogo. Liachwe papo hapo usiku kucha, na asubuhi atalisikiliza.

Hapo ndipo nilipomkumbuka ngamia. Waliosoma chuoni wanaijua hadithi hiyo, imo katika Bukhari na Muslim: Mtume, sala na salamu zimshukie, alikataza watu kumfunga chuchu ngamia au mbuzi wa kuuzwa na kumwacha siku kadhaa bila kumkama, ili siku ya mnada kiwele kijae na mnunuzi adhani ndiyo maziwa yake ya kila siku. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo akipewa hiari: akitaka amweke, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Nimesikia mawaidha mengi juu ya riba na juu ya mizani, na Suratul Mutaffifin husomwa kila mara. Sikumbuki kumsikia khatibu hata mmoja akimtaja ngamia aliyefungwa chuchu. Labda kwa sababu hatuna ngamia. Lakini tunazo injini zinazopashwa kabla ya mnunuzi kufika, oili nzito inayotiwa ili kunyamazisha mgongo, mita ya kilomita inayorudishwa nyuma, na taa ya onyo inayofutwa kwa mashine saa moja kabla ya mkutano. Hivyo vyote ni viwele vilivyofungwa.

Asubuhi tulirudi. Mpwa wangu hakuwa amelala vizuri. Macho yake yalimwonyesha. Fundi aliliwasha gari mwenyewe, boneti iko wazi, akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini kwenye sikio lake. Kwa muda mfupi, labda kuhesabu mpaka 10, injini iligonga. Kisha ikanyamaza ikanguruma vizuri. Moshi ulitoka wa samawati, na moshi wa rangi hiyo ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma ungekuwa maji, na mweusi ungekuwa petroli iliyozidi. Kifuniko cha oili kilikuwa safi, rejeta haikutoa mapovu, kwa hiyo gasketi zilikuwa hai, na fundi alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyosemea mabaya. Matairi ya mbele yalikuwa ya aina moja na ya nyuma ya aina nyingine. Kuhusu mkanda, muuzaji aliulizwa ulibadilishwa lini.

"Mimi nimelinunua hivyo hivyo," akajibu.

"Na huku kugonga, hujakusikia asubuhi zote hizi?"

Akaniangalia mimi badala ya fundi. "Mzee wangu, ninauza mali ilivyo. Anayetaka atazame, asiyetaka aache."

Mali ilivyo! Neno hili limekuwa ngao ya kila mtu mwenye jambo la kuficha. Nalo lina nguvu zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwani sheria ya nchi humwegemea muuzaji wa kawaida. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliigwa kutoka ile ya Uingereza ya mwaka 1893, na asili yake ni kwamba mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Mfanyabiashara mwenye duka la vitu hivyo amewekewa masharti, lakini mtu anayeuza gari lake moja ana nafasi pana. Na mnunuzi akishalikagua, kasoro ambazo alipaswa kuziona hawezi kuzilalamikia.

Katika fikihi yetu mambo ni mengine. Mashafi, ambao ndio sisi wa pwani karibu sote, wana mlango mzima wa hiari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kurudisha, mradi asikawie. Na muuzaji akishurutisha kwamba hana dhima ya kasoro yoyote, yaani mali ilivyo hiyo hiyo, qauli yenye nguvu ni kwamba sharti hilo humwokoa kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Kwa ile aliyoijua halimwokoi. Mnyama alitolewa kwa sababu maradhi yake hujificha hata kwa bwana wake. Kama injini ingehesabiwa mnyama katika jambo hili sijui, na ningependa mashekhe wetu walizungumze. Lakini hata wakikubali, aliyeisikia ikigonga kila asubuhi hapati pa kupitia.

Ila huwezi kumpeleka mtu huyu kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeiwekea mahakama ya Kadhi mipaka yake: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Biashara haimo. Kwa hiyo sheria nzima ya aibu ya bidhaa, waliyoiandika wanazuoni kwa makini ya ajabu, haina askari wala karani. Imeachiwa nafsi ya muuzaji peke yake, na nafsi tumeizoesha kwamba kisichokuwa na mahakama si dhambi. Tunagombana juu ya mwezi kuandama, na sioni ubaya wake, ni dini. Lakini mtu anaweza kumuuzia nduguye gari lenye beringi zilizokwisha, asubuhi yake wakasimama safu moja, na hapana atakayemnyooshea kidole.

Ningeishia hapo ningekuwa mnafiki. Mwaka 1991, nikiwa Mombasa, niliuza Datsun 160J yangu, ndugu ya ile aliyoshindia Shekhar Mehta Safari ya mwaka 1979 na 1980. Nami nilijifanya Mehta kwa miaka kadhaa kati ya Likoni na Kwale. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeanza kupitisha maji. Nilijua, kwa kuwa nilikuwa nikijaza rejeta kila siku mbili. Nilinunua dawa ya kuziba, nikaimimina, uvujaji ukapungua, na nikampata mnunuzi, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole. Aliniuliza swali moja tu: "Lina neno?" Nikamwambia halina neno.

Gari lilimfia njiani akienda Voi na watu wake. Halikuvuka Mackinnon Road. Walilala pale kwenye msikiti wa Sayyid Baghali, yeye, mkewe na watoto, wakangoja lori la kuwavuta. Habari hizi sikuzipata kwake. Yeye tulikutana miezi mitatu baadaye Marikiti, akanipa mkono, akaniuliza hali yangu na ya watu wangu, akaenda zake na kikapu chake. Angenitukana ningepata la kumjibu. Mwaka jana nilikwenda Magongo mara mbili kumwulizia, nikaambiwa alihama zamani, wengine wakasema Lungalunga. Sijampata.

Kwa hiyo najua vizuri hoja ya muuzaji, nimeitumia. Husema: nikitaja kasoro zote hakuna atakayenunua, na watoto wangu watakula nini? Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya biashara ya magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akashiriki Tuzo ya Nobel, makala hiyo ikiwa msingi mkubwa wa sifa yake. Alisema kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, hutoa bei ya kubahatisha. Mwenye gari zuri huiona bei hiyo ndogo, hulitoa gari lake sokoni, na mwisho hubaki mabovu matupu. Basi msema kweli wa kwanza hupata hasara, ni kweli. Lakini mnyamavu naye analipunguza soko analolitegemea. Leo ukisema unauza Subaru, hata iwe imetunzwa kama mboni ya jicho, utapewa bei ya mgonjwa, kwa sababu ya waliokutangulia kunyamaza.

Na fundi wa Kisumu Ndogo je? Yeye huuza spea kuukuu bandani kwake. Nilimsikia akimwambia mteja kuhusu turbo moja, "Hii ina mchezo kidogo, itakupeleka miezi, haitakupeleka miaka." Aliiuza papo hapo kwa bei ndogo, na mteja akaenda zake akijua alichokibeba. Huyu si Muislamu, wala hakusoma mlango wa hiari ya aibu. Niliona haya kidogo, kusema kweli.

Wala mnunuzi hana usafi wote katika jambo hili. Mpwa wangu alipomsikia fundi akisema beringi, alianza kumtetea muuzaji! "Labda ni baridi ya asubuhi, mjomba. Labda ni oili tu." Alikuwa amekwisha kujiona ndani ya gari hilo akiingia Mombasa siku ya Idi, madirisha yako chini, marafiki zake wa Kibokoni wamesimama barazani. Mtu aliyepata ndoto ya namna hiyo hununua ndoto, na gari hupewa kama nyongeza. Ilibidi nimshike mkono nimtoe pembeni, nimwambie bei ya injini nyingine, klachi, mkanda na matairi 4, na kumkumbusha paa la mamake linalovuja kila masika.

Fundi aliandika aliyoyaona nyuma ya karatasi ya kalenda, kwa herufi kubwa, mambo 9, na mbele ya kila jambo akaweka gharama kwa kukadiria. Tukampa muuzaji aone. Tukamwambia tutanunua kwa bei yake kutoa gharama hizo. Akaisoma, akaikunja, akaturudishia, akasema tunamharibia biashara, na akaondoka kwa kishindo kikubwa. Fundi alidai ujira wa asubuhi moja tu, nilimwongeza.

Wiki mbili baadaye mpwa wangu alinipigia simu. Gari limeuzwa, na amemwona mnunuzi, kijana mdogo kuliko yeye, analiegesha karibu na kazini kwake kila siku. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mjomba, tumwambie?"

Nilitaka kumwambia aache, si kazi yetu. Lakini Imam Nawawi ameliandika jambo hilo, nalo si la kupindapinda: mtu mwingine asiye muuzaji, akiijua kasoro, naye anawajibika kumjulisha mnunuzi. Na mbali na Nawawi, nilimwona yule mwalimu na kikapu chake Marikiti. Nikamwambia mpwa wangu aichukue ile karatasi ya kalenda aende nayo.

Alikwenda jioni ile ile. Kijana aliisoma mara mbili akiwa amesimama, mlango uko wazi, injini inanguruma. Hakukasirika wala hakushukuru. Alizima gari, akauliza fundi huyo hupatikana siku gani, na mpwa wangu akamwelekeza: aache gari barabarani Makina, ashuke kwa miguu, aulize banda lenye viti vya Peugeot.